Abiria wa Ukoo wa Mvua

Haya nitakayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja hata tone la lutuku, ile pombe yetu kali. Ninalisema hilo mapema kwa sababu najua utakavyonitazama. Mimi pia niliwatazama watu wengi hivyo. Kwa miaka kadhaa chuo kikuu chetu cha Lubumbashi kilinilipa niwafundishe vijana kutoamini kitu mpaka wakipime, na kila aliyeniletea habari ya mzimu nilimwuliza mzimu huo ulikuwa na uzito wa kilo ngapi. Nililiona swali la akili sana. Ngoja uone lilivyonirudia.

Na ukikataa kuniamini, karibu nyumbani kwangu Kampemba. Ushahidi uko nyuma ya jiko, chini ya turubai. Ni pikipiki. Usifikirie vile vipikipiki vya kwendea sokoni. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya pori: silinda moja ya sentimita za ujazo mia tano, matairi yenye meno, springi ndefu, egzosi iliyopandishwa juu isinywe maji ya mito, na bamba la chuma tumboni la kuzuia mawe. Mzungu mmoja wa mradi wa udongo aliileta, mradi ukaisha, yeye akapanda ndege akatuachia. Wanafunzi waliiita Twiga.

Mimi ni mfupi. Nilipoikalia, miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi, kwa hiyo kila nilipotaka kusimama ilinibidi nitafute kwanza jiwe au kichuguu cha kuwekea mguu. Namshukuru Mungu kwamba nchi yetu haikosi vichuguu.

Mkuu wa idara yetu ya udongo alipouliza kikaoni nani anajua kuiendesha, nilinyoosha mkono. Sikujua hata inawashwa upande gani. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe nitaifikia.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramazani wa hapa Kampemba, ambaye babu zake walitoka Maniema na ambaye hajawahi kumsifu mtu mbele ya uso wake. Tulifanya mazoezi Jumamosi asubuhi, saa za salongo, raia wote walipotakiwa kufagia na kuchimba mitaro kwa ajili ya taifa. Fundi alimwambia kiongozi wa mtaa kwamba tunajaribu chombo cha serikali, na huo haukuwa uongo. Jumamosi ya kwanza niliingia mzimamzima, mimi na Twiga, ndani ya mtaro ambao majirani walikuwa ndiyo kwanza wameumaliza. Walipiga makofi. Mama mmoja, amejishika kiuno, alisema tangu salongo ianze huo ndio mtaro wa kwanza aliouona ukifanya kazi.

"Monsieur l'assistant," Fundi aliniambia huku akinivuta kwa kola, "shida yako, weye unafikiri sana. Hii tukutuku haipendi muntu wa kufikiri. Ukifika kwa matope, usishike freni, usiangalie chini. Angalia kule unaenda, vuta gazi, basi."

"Na nikimbeba mtu nyuma?"

"Muntu nyuma, kwa matope? Gurudumu itazama, mutalala pale. Tena ona." Akapiga kwa nyundo vikanyagio vya abiria, vile vyuma viwili vinavyokunjuliwa ili mtu wa nyuma aweke miguu. Vyote viwili vilikuwa vimeshikwa na kutu vikiwa vimekunjwa. "Nilitia mafuta, nikapiga, nikatia mafuta tena. Bimekufwa. Ni muzuri. Mungu anakuchunga."

Nikumbushe hapo baadaye.

Sababu yangu iliitwa Mwape. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ruashi, na alikuwa na namna ya kunisikiliza nikieleza habari za udongo mpaka mwisho, kisha kuuliza, "Umemaliza?" Nilitaka kuulizwa hivyo maisha yangu yote. Kwao kama kwetu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno la mwisho juu ya binti ni mjomba wake mkubwa. Mjomba huyo, Mzee Chisenga, alikuwa amestaafu kazi ya migodini na kurudi kijijini, kilomita kama thelathini kabla ya kufika Sakania.

Sasa shika hili, maana kila kitu kinaning'inia hapa. Mwape ni wa ukoo wa Mvua. Mimi ni wa ukoo wa Uyoga. Kama unatoka pande zetu umeshaanza kucheka. Kama hutoki, elewa kwamba koo hizi mbili ni watani. Mtu wa Mvua ana haki ya kunitukana popote anaponikuta, hata nikiwa nimevaa suti mpya ya abakosti mbele ya wakubwa, nami nina haki ya kumrudishia, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Hilo ndilo jambo jepesi. Jambo zito ni msiba. Mtu akifa, watani wake lazima waje wamcheke. Wanaiga mwendo wake, wanavaa kofia yake, wanalala njiani ili jeneza lisipite, wanawaharibia wenye kulia kilio chao mpaka wacheke. Bila hivyo wazee wetu wanasema marehemu hajazikwa. Amefukiwa tu.

Mzee Chisenga alinitumia ujumbe kwa mdomo wa Mwape: "Sitaki barua yake. Aje mwenyewe. Kuna maneno ninamuwekea, huyu mutoto wa Uyoga, na nitamuambia paka uso kwa uso." Paka kwetu ni "tu", si mnyama. Mwape alisema mjomba wake alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

Nikashindwa kufika. Mara ya kwanza treni ililala njiani siku mbili kisha ikaturudisha mjini. Mara ya pili mji mzima haukuwa na petroli. Mjomba mdogo, Kaoma, ambaye tangu mwanzo hakunitaka, akaanza kusema kwamba mtu anayeshindwa kufika kuchumbia atashindwa na mengine pia. Yeye alikuwa na mtu wake, mfanyabiashara wa Sakania mwenye lori. Wakakubaliana hivi: nifike Jumamosi fulani kabla ya jua kuzama. Nisipofika, Jumapili yake watampokea mwenye lori.

Mwape alitangulia majuma matatu kabla kwa sababu mjomba alikuwa haumwi wala si mzima. Pale stesheni hakunibembeleza. Alisema tu, "Safari hii usipofika, usinitafute Ruashi."

Kwa hiyo Jumamosi ile, kabla jua halijatoka, niliondoka na Twiga. Kwenye karatasi za idara nilikuwa nakwenda kuchukua sampuli za udongo. Nilibeba hata mfuko wa sampuli, dhamiri isinisumbue. Kitu kimoja tu kilinipita. Redio yetu kila jioni ilisoma matangazo ya vifo, na watu wote wa mjini waliyasikiliza, lakini betri za redio yangu nilikuwa nimezihamishia kwenye tochi. Mtu aliyesoma miaka kumi na saba, akazima redio ili aone vizuri gizani.

Masika yalikuwa yamekolea. Nilianguka mara nne kabla ya saa sita, na mara ya tano sihesabu kwa kuwa nilikuwa nimesimama. Kwenye saa tisa nilishaiacha barabara kubwa na kushika njia ya kijijini, mvua ikinipiga usoni kama mtu anayerusha changarawe. Ndipo nikafika kwenye bonde la majani. Unayajua mabonde hayo ya kwetu: kwa juu yanapendeza kama uwanja wa mpira, kwa chini ni supu. Nikakumbuka somo la Fundi. Nisifikiri, niangalie ninakokwenda, nivute gazi. Nikaenda mita ishirini vizuri sana. Kisha nikafikiri.

Gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli. Twiga alilala ubavu, nami nikalala karibu yake. Nilisukuma, nikavuta, nikakata majani nikatandika, nikaondoa matope kwa mfuko wa sampuli, ambao hatimaye ulipata kazi. Hakuna. Kijiji kilikuwa mbele kilomita kumi na mbili, na jua, huko lilikojificha, lilikuwa likishuka. Nilikaa juu ya tanki la petroli nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Mwape. Hakuna hata moja lililofaa.

"Weye ni ukoo gani?" mtu akauliza.

Niligeuka. Alikuwa mzee mrefu mwembamba, amevaa ovaroli ya bluu ya migodini iliyopauka magotini, na kofia ya pama. Kwetu swali hilo si la ajabu. Porini watu huulizana ukoo kabla ya jina. Lililopaswa kunishangaza ni jingine. Ovaroli yake ilikuwa kavu. Kofia kavu, ndevu kavu, kavu kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Niliona, naapa niliona, na akili yangu ya chuo kikuu ikanipa jibu mara moja: alikuwa amejikinga chini ya mti. Mti gani, katikati ya bonde lile? Hilo sikujiuliza.

"Mimi wa Uyoga," nikajibu.

Yule mzee alicheka mpaka akashika magoti. "Niliona. Namna ulianguka, ni paka uyoga njo unaangukaka vile: kichwa kikubwa, muguu moja. Miye ni Mvua."

Sikuwa na nguvu, lakini mtani akikuanza humwachi. "Ndiyo maana nimelowa," nikamwambia. "Nyinyi watu wa Mvua kazi yenu kuanguka tu. Mnaanguka toka mbinguni, mnaanguka kwenye mabati, mnaanguka mtaroni. Hakuna siku hata moja mliyowahi kusimama. Na mkialikwa, mnafika saa nguo ziko kwenye kamba."

"Endelea," akasema taratibu. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeletewa chakula. "Endelea, mutoto. Kwetu siku hizi ni paka kulia. Nimechoka na kulia ya bantu."

Nikaendelea. Nilimtukania ukoo, ovaroli, urefu, na wale wajinga waliomwacha atembee hovyo mvuani. Naye akanirudishia matatu, akiyahesabu kwa vidole kama mtu anayesoma hotuba aliyoiandaa. La kwanza: "Balikusomesha miaka yote ile, na bado unashindwa na maji, kintu mutoto anajuaka mbele ya kujua mama yake." La pili: "Uyoga anaota usiku, asubuhi anasema eko mwenye shamba." La tatu: "Unataka kuoa mutoto yetu, utamuweka wapi? Chini ya kofia yako?"

Nilicheka hadi machozi. Sikujiuliza amejuaje kwamba nakwenda kuoa. Ukiwa umekwama matopeni, unamshukuru anayekuchekesha, basi.

"Simamisha hii nyama yako ya chuma," akasema. "Nitakuonyesha njia. Nitapanda nyuma."

"Haiwezekani, baba. Fundi wangu amesema mtu nyuma tutazama. Tena vikanyagio vimekufa."

Hakubishana. Aliinua mguu na kukishusha kikanyagio cha kushoto kwa ncha ya kidole gumba, kama unavyoshusha ukosi wa shati. Kisha cha kulia. Havikutoa hata mlio. Nikajiambia Fundi Ramazani anazeeka.

Twiga aliwaka kwa teke la kwanza, yeye ambaye kwa kawaida alidai mateke tisa na aliwahi kunirushia pedali mpaka nikachechemea juma zima. Nilijiandaa kwa uzito wa mtu anayepanda. Springi hazikushuka. Hata unywele. Nilifikiri mzee hajapanda bado, lakini sauti ikaja sikioni, "Twende, unangoja treni?" nami nikavuta gazi.

Niamini, ndugu, kwa sababu hapa ndipo nisipoweza kueleza vizuri. Lile gurudumu lilitoka matopeni kama kijiko kinachotoka kwenye uji. Tulipita juu ya bonde lile, sijui kama tulilikanyaga. Mzee alisema kushoto, nikaenda kushoto. Akasema kati ya vichuguu vile viwili, nikapita kati yake kwa mwendo ambao siku nyingine ungenifanya nifumbe macho. Mvua ilikuwa ikinyesha kulia kwetu na kushoto kwetu, lakini mbele ya taa kulikuwa na ujia mkavu, upana wa njia ya miguu, unaofunguka kadiri tunavyokwenda. Tuliruka kijito. Mimi, niliyewahi kushindwa na mtaro wa salongo, niliruka kijito, na hewani niligundua kwamba napiga kelele za furaha, na nyuma yangu mzee naye anapiga, na katikati ya kelele anamalizia kunitukana. Sijawahi kuendesha vile tena. Hata nisingemwoa mtu, ningesema siku ile haikuwa hasara.

Karibu na kijiji njia iligawanyika mbele ya miti mitatu. "Hapa," akasema. "Miye nimefika."

Nilitafuta kichuguu cha kuwekea mguu. Pembeni palikuwa na tuta la udongo mwekundu uliochimbuliwa karibuni. Mimi mtaalamu wa udongo niliweka mguu juu yake na kusema moyoni: wamechimba wafyatue matofali.

"Asante, baba. Jina lako?"

"Utaambiwa. Ukifika, utaona mwanaume moja amenuna kama chura. Umuambie hivi: kinga haikuibiwa. Nilijua, na ilinichekesha miaka yote. Utamuambia?"

Kinga kwetu ni baiskeli. Nikasema nitamwambia, ingawa sikuelewa. Nilipogeuka kumpa mkono hapakuwa na mtu. Wazee wa porini wanatembea haraka, nikajisemea. Unaona jinsi elimu inavyomsaidia mtu.

Niliingia kijijini jua likiwa bado na kiganja kimoja juu ya miti. Niliona watu wengi wamekaa mbele ya nyumba ya kina Mwape, na, Mungu anisamehe, nilidhani wamekuja kunipokea. Nikainua mkono kama mheshimiwa anayelakiwa na wacheza ngoma wa chama. Hakuna aliyeinua wake. Wamekaa chini, wanawake wamefunga vitambaa kichwani, moto mkubwa wa magogo unawaka uani. Hapo ndipo nilipozima Twiga.

Mwape alikuja mpaka nilipo. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Umefika," akasema, kama mtu asiyeamini. "Umesikia tangazo redioni?"

"Tangazo gani?"

"Mjomba Chisenga amefariki. Leo siku ya kumi. Misheni walituma tangazo kwa redio yao."

Mama yake aliniletea kigoda, akanieleza kwa sauti iliyokauka. Mzee alikufa juma ambalo mvua haikukatika hata saa moja. Watu wote wa Uyoga wa jirani wanakaa ng'ambo ya mto, na mto ulifurika, daraja likaenda. Hakuna mtani aliyeweza kuvuka. Mvua ndiyo iliyomnyima mtu wa Mvua watani wake. Walimzika wakilia tu, siku kumi wanalia tu, na tangu hapo hakuna aliyelala vizuri nyumba ile.

Kaoma alisimama. Nilimjua bila kuelekezwa, maana kweli alikuwa amenuna kama chura. "Citoyen," akasema, yaani raia, kwa baridi, kama mtu wa ofisini, "pole na safari. Yule alikuita ameenda, na maneno yake ameenda nayo. Sasa mukubwa wa nyumba ni miye. Kesho tunapokea mugeni ya Sakania. Kunywa maji, upumzike, urudi."

Mwape alinitazama. Nilijua anauliza: umemaliza?

Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba nisingefika kama si mzee mmoja wa Mvua aliyenipitisha bondeni, mrefu mwembamba, mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka magotini na kofia ya pama. Kilio kilikatika.

"Tulimuzika na ile ovaroli," mama Mwape akasema polepole. "Na kofia. Alikuambia nini?"

Basi nikayarudia yale matatu, neno kwa neno, nikihesabu kwa vidole kama alivyohesabu. Nilipofika kwenye "anasema eko mwenye shamba", mama Mwape aliziba mdomo kwa mkono. Nilipofika kwenye kofia, kicheko kilimtoroka puani, akajiinamia. Kwa mwezi mzima kabla ya kufa Mzee Chisenga alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno yale yale, kila jioni, akiwauliza wa nyumbani lipi linauma zaidi.

"Mwape amemuandikia," Kaoma akasema.

"Barua ingepita wapi, mjomba?" Mwape akajibu. "Nani angeibeba kwenye mafuriko haya? Treni iko wapi?"

"Amemuandikia."

Likabaki lile agizo nisilolielewa. "Baba, ameniambia nikwambie hivi: kinga haikuibiwa. Alijua, na ilimchekesha miaka yote."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kaoma alikaa chini pale pale, kwenye tope. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi alichukua baiskeli mpya ya kaka yake bila ruhusa, akaizamisha mtoni, akarudi nyumbani na hadithi ya wezi watatu wenye mapanga. Wezi wale walisakwa na kijiji kizima. Hakumwambia mtu yeyote, si mke, si padri. Alitueleza sisi jioni ile, akianza kwa kulia, na alipofika kwa mwizi wa tatu alikuwa hawezi kupumua kwa kucheka, na uwanja mzima naye.

"Kamalize kazi," akaniambia akijipangusa. "Weye ni Uyoga. Kaka yangu amekungojea siku kumi."

Tulikwenda wote mpaka kwenye miti mitatu, mimi nikimsukuma Twiga. Lile tuta langu la matofali lilikuwa kaburi lake, na juu yake kulikuwa na alama moja ya kiatu. Ya kwangu. Nikafanya kazi ya mtani. Nililala njiani nikazuia watu wasipite. Niliazima kofia nikaiga mwendo wake, nikaiga anavyohesabu kwa vidole. Nilimwambia kwamba mtu wa Mvua ndiye pekee duniani anayefurika mpaka akafungia nje wageni wa msiba wake mwenyewe. Walicheka watoto, walicheka wajane, alicheka Kaoma kuliko wote. Mbingu zilikuwa zimetakata, nyota ya kwanza inaonekana. Na hapo, bila wingu, ikanyesha. Ilinyesha juu yangu mimi tu. Mwape, aliyekuwa amesimama mkono mmoja kutoka nilipo, hakupata tone.

Ndipo niliposikia mlio mdogo wa chuma, kutoka mahali nilipoegesha Twiga: vikanyagio vya nyuma vilikuwa vimejikunja.

Msiba ukaondolewa usiku ule, na kabla ya kulala Kaoma akatoa neno lake: Mwape awe wangu, kwa kuwa nimechaguliwa na mwenye haki. Mfanyabiashara wa Sakania alifika Jumapili jioni kwa miguu, lori lake limezama katika bonde lile lile. Tulikwenda wote kulisukuma, na hadi leo ananiletea unga.

Nilipompelekea Fundi Ramazani pikipiki, alizunguka nyuma akachuchumaa. Alikikunjua kikanyagio kimoja, akakikunja, akakikunjua tena. "Nani alifungua hii?" Nikamweleza yote. Alinisikiliza, akasema mambo ya vyuma anayajua na mambo mengine amemwachia Mungu, na akakataa kuigusa tena mpaka nimpe kahawa.

Miaka mingi imepita. Idara ilipochoka na Twiga niliachiwa mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubaliwa naye. Kila masika, asubuhi baada ya mvua ya kwanza, navikuta vikanyagio vya nyuma vimeshushwa. Nimefunga waya, waya umefunguliwa. Nimefunga mlango kwa kufuli, kufuli liko salama na vikanyagio viko chini. Basi asubuhi hiyo naiwasha Twiga, kwa teke moja, nazunguka Kampemba peke yangu na kumtukana mtu ambaye majirani hawamwoni. Wameshazoea. Wanasema ndivyo wasomi wanavyoishia. Watoto wangu, ambao wote ni wa Mvua kama mama yao, hunisimamia mlangoni na kuniuliza kama kofia yangu inawatosha.

Nawe unayenisikiliza, shika maneno haya. Ukikutana porini na mtu mkavu kwenye mvua, usiulize uzito wake. Uliza ukoo. Akiwa si mtani wako, msalimie kwa heshima na upite. Akiwa ni mtani, mtukane kwa moyo wako wote, maana huenda ndicho kitu pekee anachokungojea. Lakini la maana zaidi ni hili: mtani wako aliye hai, usimwekee maneno. Nenda ukamtukane leo hii, barabara ikiwa bado inapitika.